Nguzo ya Trajan au mawe ya Adamclisi? Ushahidi upi umvalishe askari wako wa Kirumi

Vita ni vilevile, mfalme ni yuleyule, Trajan wa Roma, na kati ya mnara mmoja na mwingine ilipita miaka minne tu. Lakini weka picha ya Nguzo ya Trajan iliyoko Roma kando ya picha za mawe ya Adamclisi, kule Romania, uone kama hutadhani ni majeshi mawili. Kwenye nguzo, askari wa lejioni, yaani kikosi kikubwa cha raia wa Roma, amevaa dirii ya mabamba, mikono mitupu, miundi mitupu, na ngao ambayo haimfiki hata gotini. Kule Adamclisi amevaa dirii ya magamba au ya pete, mkono wake wa kulia umefunikwa chuma hadi karibu na kiganja, miundi ina kinga, na ngao yake ni kubwa kweli.

Mimi niliiona nguzo kwanza. Nilipaka rangi sanamu 40 za askari, za urefu wa milimita 28, kwa ajili ya vita vya Dakia, nchi ya kale iliyokuwa Romania ya leo, zote kwa mfano wa nguzo, jioni baada ya kazi, kwa miezi minne. Nilipomaliza, rafiki akaniletea picha za Adamclisi. Tangu siku ile sifungui kopo la rangi kabla sijajiuliza jambo moja: huyu aliyechonga, aliyeandika au aliyechora, alisimama umbali gani na askari mwenyewe? Ulinganisho wote unaofuata umetoka kwenye swali hilo, na nimeuandika kwa ajili ya mtu anayetaka kuanza jeshi la Kirumi la mchezo wa vita wa mezani na amejikuta mbele ya picha mia zinazopingana.

Maneno tunayo. Chapeo, dirii, ngao, na akida, yaani kiongozi wa askari wapatao mia: kama umewahi kusikia Waefeso sura ya 6 ikisomwa, umeshamwona askari wa zama hizo akivaa kipande kimoja baada ya kingine. Ngao inayotajwa pale, katika Kigiriki chake, ni neno lililotokana na mlango, na ndilo neno mwandishi wa Kigiriki Polybius alilotumia kuitaja ngao ndefu ya Warumi. Kwa dirii nitatenganisha aina tatu: ya pete, yaani vijipete vya chuma vilivyoshikamana kama kitambaa, ya magamba, kama ya samaki, na ya mabamba, yaani vyuma vipana vilivyopandana kuzunguka kiwiliwili na mabega.

Na kabla ya kulinganisha chochote, andika kwenye karatasi mwaka na mahali. Kutoka vita vya Cannae, mwaka 216 KK, hadi vita vya Adrianople, mwaka 378 BK, ni karibu miaka 600. Hakuna sanamu moja inayoweza kusimama katika vita vyote viwili, hata boksi likiandikwa tu "Warumi".

Nguzo na mnara wa Adamclisi

Nguzo ilizinduliwa mwaka 113, katikati ya jiji la Roma. Ni marumaru, na mchongo wake unapanda kwa kuzunguka kama utepe wenye urefu wa takribani mita 200, matukio 155, watu wapatao 2,600. Ni hazina, na sitaki mtu aidharau. Lakini waliochonga walikuwa mafundi wa mjini, wakifanya kazi ya kumtukuza mfalme, na walikuwa na tatizo la kifundi: mtu aliyesimama chini atamtambuaje nani ni nani? Wakajiwekea kanuni. Askari wa lejioni, raia wa Roma, apewe dirii ya mabamba na ngao ya mstatili iliyopinda. Askari msaidizi, asiye raia, apewe dirii ya pete na ngao ya umbo la yai. Kanuni hiyo inasomeka vizuri kwenye jiwe, lakini si ushahidi kwamba jeshi zima lilipangwa hivyo siku ya vita.

Ukishaijua kanuni hiyo unaanza kuona mengine. Ngao zimefupishwa ili miili na nyuso zionekane. Dirii za pete zinawabana askari kama fulana, wakati chuma halisi huning'inia kwa uzito wake. Ngumi nyingi zimeshika hewa, kwa kuwa silaha zilikuwa za metali au za rangi na zimepotea. Ukimpaka askari wako kwa kufuata ngumi hizo, hujui hata alishika nini.

Tropaeum Traiani, mnara wa ushindi wa Adamclisi, ulijengwa mwaka 109 katika eneo la Dobrogea, kusini-mashariki mwa Romania ya leo. Huko ndiko vita vilipita. Vibao vyake vya mawe ya chokaa vilikuwa 54, na 49 vimebaki: 48 viko kwenye makumbusho ya palepale na kimoja kiko Istanbul. Mchongo wake hauna urembo. Vichwa ni vikubwa, mikono mifupi, mikunjo ya nguo kama mistari ya jembe shambani. Wapo waliouita ushamba. Mimi naona mkono wa mtu ambaye hakufundishwa kupamba, na kwa hiyo akachonga alichokuwa akikiona kila siku.

Alichokiona kina sababu zake. Adui kwenye vibao hivyo ameshika mundu mrefu wa mikono miwili, makali yakiwa upande wa ndani wa mpindo. Silaha hiyo hushuka kutoka juu na kuivuka ngao, na panapopata jeraha ni kichwani, mkono wa kulia unaotoka nje ya ngao kuchoma, na mguu wa mbele. Sasa mtazame askari wa Adamclisi: chapeo yenye vyuma viwili vilivyokatizana juu kama msalaba, kinga ya mkono wa kulia, kinga za miundi. Kila kipande kinajibu pigo fulani. Hivyo ndivyo ninavyoujua ushahidi wa karibu: vifaa vinaeleza vita bila kuambiwa.

Ardhi nayo imetoa ushahidi upande huo. Chapeo za aina hiyo, zenye vyuma vya msalaba vilivyopigiliwa juu, zimechimbuliwa. Mabamba ya kinga za mikono yamepatikana Newstead huko Scotland, na mwaka 2001 yakapatikana mengine mazuri Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, mbali kabisa na Dakia. Lakini ardhi hiyohiyo imetoa dirii za mabamba pia, nyingi, katika ngome za kipindi kilekile. Kwa hiyo nguzo haikubuni dirii ya mabamba. Ilichofanya ni kuwavalisha watu wote.

Uamuzi wangu kwa vita vya Dakia, vya 101 hadi 106: mstari wa mbele ufuate Adamclisi, na nyuma changanya. Mabamba hapa, pete pale, magamba kwa wachache. Kwa gharama hili si gumu. Nunua boksi la askari wasaidizi wenye dirii ya pete, uwape ngao za lejioni kutoka boksi lingine. Vyuma vya msalaba nilivitengeneza kwa karatasi ya bahasha niliyoilowesha gundi nyeupe, vipande viwili vyembamba juu ya kila chapeo. Kinga ya mkono nilitumia pate ya epoksi, kinamo kinachokauka kikawa kigumu: unaizungusha kwenye mkono wa plastiki kama chapati nyembamba, unasubiri nusu saa ishike, halafu unachora mistari ya mabamba kwa sindano ya kushonea, sambamba, kuanzia kiganjani kupanda begani. Kumi za kwanza zilitoka vibaya. Ya kumi na moja ilitoka kama picha, na nikarudia zile kumi.

Hata hivyo kuna vitu ambavyo Adamclisi haikupi na nguzo inakupa kwa mikono miwili, hasa maisha ya nje ya mapigano: askari wakivuka daraja na mizigo yao imening'inizwa kwenye mti begani, ngome ikijengwa kwa matofali ya udongo na majani, mitambo ya kurusha mishale ikiwa juu ya mikokoteni, majeruhi wakifungwa vidonda, wabeba bendera wamejifunika ngozi za wanyama vichwani. Ukitaka kambi ya kuweka pembeni mwa meza, nenda kwenye nguzo. Na ukitaka wapanda farasi wa Kimauri kutoka Afrika Kaskazini, hakuna mahali pengine pazuri hivyo: wamepanda bila tandiko, kanzu fupi, nywele zimesokotwa misokoto mirefu, wanawaingia Wadakia kwa kasi. Waliongozwa na Lusius Quietus, Mmauri aliyepanda cheo hadi kuwa miongoni mwa majenerali wakubwa wa Trajan. Kikosi hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote nilivyonavyo.

Jiwe la kaburi na kilichozikwa ardhini

Ukirudi nyuma hadi karne ya kwanza, kwenye majeshi ya Rhine na yaliyoivamia Uingereza, minara ya ushindi haikusaidii sana. Hapo unachagua kati ya mawe ya makaburi na vitu vilivyochimbuliwa.

Jiwe la kaburi lina kitu ambacho ushahidi mwingine hauna, nacho ni mtu mwenye jina, cheo, kikosi na mahali. Pale Bonn lipo jiwe la Marcus Caelius, akida wa Lejioni ya 18, mzaliwa wa Bologna, aliyekufa akiwa na miaka 53 na nusu katika vita vya Varus, jenerali wa Kirumi aliyeangamizwa na jeshi lake huko Ujerumani, mwaka 9 BK. Kaka au mdogo wake, Publius, ndiye aliyelisimamisha, na akaandika kwamba mifupa ya Marcus inaruhusiwa kuwekwa humo. Inaruhusiwa, kwa maana haikuwepo. Ilikuwa imebaki msituni na maelfu ya wenzake. Nilisimama mbele ya jiwe hilo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kichwani ana taji la majani ya mwaloni, tuzo la aliyemwokoa raia mwenzake. Mkononi ameshika fimbo ya mzabibu, alama ya akida. Mabegani zimening'inia pete nene za shingoni, mikononi ana bangili, na kifuani kuna nishani za duara zenye nyuso, zimefungwa kwa kanda za ngozi. Kama unapaka akida wa zama za Augusto, huhitaji kuotea: upo mchoro mmoja, wa mtu mmoja, na unajua alifia wapi.

Jiwe la Marcus Favonius Facilis wa Lejioni ya 20, lililoko Colchester, linaongeza jambo ambalo wachongaji wa sanamu hulikosea mara nyingi: upanga wa akida uko kushoto, wakati askari wa kawaida wa karne hiyo anauvaa kulia. Na jiwe la Calidius Severus, kutoka Carnuntum, linaonyesha chapeo ya akida ambayo kilemba chake, yaani shungi la juu, kimekaa kwa upana, sikio hadi sikio. Mambo hayo mawili yanatosha kumfanya kiongozi aonekane kati ya askari wako hata akitazamwa kutoka upande wa pili wa meza.

Udhaifu wa makaburi ni kwamba marehemu alitaka akumbukwe kwa heshima zake, na mara nyingi yuko bila dirii, amevaa kanzu, mkanda na joho tu. Pia mawe yale yalipakwa rangi, na kazi ya kuonyesha pete za chuma mara nyingine iliachiwa brashi. Rangi ikafutika, dirii ikabaki laini kama ngozi. Hapo ndipo lilipozaliwa lile kosa la kuwapaka Warumi dirii za ngozi ya kahawia, na bado liko kwenye sanamu nyingi. Ukizikuta, zipake chuma.

Kwa dirii yenyewe, sikiliza ardhi. Mwaka 1964 huko Corbridge, karibu na Ukuta wa Hadrian, ukuta wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, wanaakiolojia walikuta sanduku la mbao lililokazwa kwa vyuma, na ndani yake, kati ya vifaa vingine, vipande vya dirii za mabamba vikiwa pamoja kama vilivyofungashwa. Kabla ya hapo watu walichora mabamba yameshonwa juu ya koti la ngozi. Vipande vya Corbridge vilionyesha vinginevyo: mabamba yanashikwa na kanda za ngozi kwa ndani, yana bawaba za shaba mabegani, yanafungwa kwa kamba mbele na nyuma, na yote yanakunjana mtu akivua. Unapopaka, bawaba hizo ndizo nukta za rangi ya dhahabu kwenye bega la kijivu, na zikikaa mahali pake askari mzima anabadilika.

Kalkriese, Ujerumani, panapohusishwa na maangamizi yaleyale ya Varus, ilipatikana mwaka 2018 dirii ya mabamba iliyo karibu kamili. Kwa hiyo mwaka 9 BK mabamba yalikuwa tayari kazini. Kwa Julius Caesar na vita vya Gallia, Ufaransa ya leo, hatuna kitu kama hicho. Jeshi lake livae pete. Boksi lolote linalokuuzia askari wa Caesar wenye mabamba, liache dukani, au uwabadilishie enzi.

Na ardhi nayo ina upungufu. Inatunza chuma na shaba, inakula nguo, ngozi na mbao. Ukiifuata peke yake utapata jeshi la vyuma vinavyotembea bila nguo. Isipokuwa mahali pakavu sana au palipolowa sana, na hapo ndipo mambo yanakuwa matamu.

Walioandika

Kwa jeshi lililopigana na Hannibal wa Karthago, Polybius anawazidi wote. Alipelekwa Roma akiwa mateka wa Kigiriki mwaka 167 KK, akaishi na wakubwa wa jeshi, na akaandika akiwaeleza Wagiriki wenzake, kwa hiyo hakuruka mambo ambayo Mrumi angeyaona ya kawaida. Anakupa hadi vipimo. Lejioni ya watu 4,200: mistari miwili ya mbele watu 1,200 kila mmoja, wazee wa nyuma 600, wanaobaki ni vijana wepesi wa kurusha mikuki. Ngao futi nne kwa mbili na nusu, tabaka mbili za mbao zilizogundishwa, kitambaa juu yake, kisha ngozi ya ndama. Manyoya matatu kwenye chapeo, mekundu ya zambarau au meusi, yaliyosimama wima karibu dhiraa moja. Mwenye mali nyingi anavaa dirii ya pete. Wengine wanavaa bamba la shaba kifuani la upana wa shubiri. Vijana wepesi wengine wanafunika chapeo kwa ngozi ya mbwa mwitu, ili makamanda wao wawatambue.

Halafu mchanga wa Misri ukamthibitisha. Mwaka 1900, Kasr el-Harit katika Fayum, ilipatikana ngao ya umbo la yai, ya mbao nyembamba zilizogundishwa kwa kukatizana, imefunikwa sufu, urefu sentimita 128. Iliwahi kudhaniwa ni ya Wakelti. Iko Cairo, na ukipunguza vipimo vyake hadi milimita 28 unapata ngao inayopita goti la sanamu. Pima ngao za boksi kabla ya kununua. Nyingine ni fupi sana.

Josephus, mwandishi wa Kiyahudi, alipigana na Warumi huko Galilaya mwaka 67, akatekwa, akaishi kambini kwao. Kwa mpangilio wa msafara na vifaa vya kazi ninavyovitumia kwenye mizigo ya askari wangu, sina bora. Lakini upanga anauweka kushoto na jambia kulia, kinyume na mawe ya makaburi kwa askari wa kawaida. Hapo ninafuata makaburi.

Vegetius, Mrumi aliyeandika kitabu cha mambo ya kijeshi, simshauri mtu aanze naye. Aliandika dola ikiwa inaelekea ukingoni, akichanganya ya zamani aliyosoma na ya wakati wake, na hakuwa askari. Mchukue pale tu jiwe au chuma kinapomuunga mkono, kama kwenye kilemba cha akida.

Rangi: nyekundu au nyeupe

Hapa ndipo watu hugombana zaidi. Sanamu za madukani karibu zote zina kanzu nyekundu, na nyekundu inapendeza mezani, sikatai. Lakini nenda kwenye ushahidi wa karibu. Kuna papirasi ya mwaka 138, kutoka Philadelphia katika Fayum, ya wafumaji waliopewa oda ya nguo za jeshi lililokuwa Kapadokia: kanzu nyeupe, urefu dhiraa tatu na nusu, na majoho meupe ya Kisiria. Hiyo ni karatasi ya malipo. Haina mfalme wa kutukuzwa wala mtazamaji wa kuvutiwa, na aliyeiandika alitaka tu nguo iliyo sahihi ifike. Dura-Europos, mji wa kando ya mto Frati uliotekwa na Waajemi karibu mwaka 256, una mchoro wa ukutani wa kamanda Julius Terentius akitoa sadaka pamoja na kikosi chake cha Wapalmyra, na watu wake wamevaa kanzu nyeupe.

Mimi nimechagua nyeupe, lakini si nyeupe ya chokaa. Sufu isiyotiwa rangi ina maziwa, ina mchanga, ina kijivu, na ukichanganya rangi nne za namna hiyo kikosi kinaonekana cha watu waliovaa nguo zao na kuzifua mtoni. Nyekundu nimewawekea maakida na wapiga tarumbeta. Ni uamuzi wangu, si sheria. Ila ukipaka kikosi chote nyekundu, fanya hivyo kwa kuwa unapenda, usidanganywe kwamba imethibitishwa.

Kwa ngao mambo ni mepesi zaidi. Dura ilihifadhi ngao moja ya mstatili iliyopinda, sasa iko Chuo Kikuu cha Yale: uso mwekundu, tai juu, simba chini, na mipaka ya mapambo iliyopangwa kama kanga. Ni ya karne ya tatu, kwa hiyo usiinakili kwa jeshi la Trajan. Kwa Trajan, mabawa na radi zilizochongwa kwenye nguzo zinatosha. Je, kikosi kizima kiwe na mchoro mmoja? Mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anasimulia vita vya usiku karibu na Cremona mwaka 69, askari wawili walipookota ngao za adui waliokufa, wakapita katikati yao bila kutambuliwa na kukata kamba za mtambo mkubwa. Kama ngao isingekuwa kitambulisho cha kikosi, hila hiyo isingefaulu. Paka mchoro mmoja kwa kila kikosi.

Karne ya nne, kwa haraka

Ukichagua jeshi la mfalme Julian au la Adrianople, utakutana na Notitia Dignitatum, orodha ya vyeo na vikosi yenye michoro ya ngao kwa rangi, kurasa kwa kurasa. Inavutia sana, na wengi huitegemea peke yake. Lakini tulichonacho ni nakala za karne ya 15 na 16 zilizonakiliwa kutoka nakala iliyokwisha kupotea, na mnakili wa zama hizo hakuwahi kuona ngao ya Kirumi. Itumie kwa ajili ya michoro ya ngao tu. Kwa mavazi nenda Piazza Armerina, Sicily, kwenye sakafu za vijiwe vya rangi: kanzu za mikono mirefu zenye miduara iliyofumwa mabegani na karibu na magoti, mikanda mipana, kofia za duara zisizo na ukingo. Kwa chapeo tazama ile ya Deurne, Uholanzi, iliyopatikana mwaka 1910, imefunikwa bati la fedha lililopakwa dhahabu na bado ina jina la kikosi cha wapanda farasi juu yake. Jeshi hili ndilo gumu kulipaka kuliko yote. Kila kanzu ina mapambo yake, na hakuna njia ya mkato.

Kiasi gani kinatosha

Kipimo cha sanamu kinaamua pia. Kwa milimita 6 na hata 15, tofauti kati ya nguzo na Adamclisi haionekani mezani. Fuata nguzo, ngao zikae sawa, na usijitese na kinga za mikono. Kwa milimita 28 kila kitu kinaonekana, na hapo Adamclisi, Corbridge na makaburi yanalipa kila saa utakayoyapa. Kwa anayeanza na hana uhakika wa enzi, ningemshauri jeshi la Polybius: mtu mmoja anakupa idadi, vipimo, manyoya na ngozi za mbwa mwitu, na dirii za pete ni rahisi kupaka kuliko mabamba. Rangi nyeusi ya msingi, brashi kavu yenye rangi ya fedha, umemaliza.

Na kama jeshi lako liko kwenye mpaka wa Britania, kuna ushahidi mmoja wa karibu kuliko mnara wowote. Vindolanda, ngome iliyo kusini kidogo mwa Ukuta wa Hadrian, udongo uliolowa ulitunza vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, na kuanzia mwaka 1973 vimekuwa vikichimbuliwa. Kimoja ni barua ya mtu anayemwambia mwenzake kwamba amemtumia soksi, viatu vya wazi na nguo za ndani jozi mbili. Nguzo peke yake isingenifanya niwaze soksi. Sanamu zangu za Britania sasa zote wanazo: tone la rangi ya sufu kwa brashi nambari sifuri, kati ya kanda za makubazi, kabla ya kupaka matope.